Saa za Mfukoni za Kale na Mitambo Yake ya Rangi Mbili

Katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kitu kidogo ambacho pengine kimo nyumbani kwenu, ndani ya sanduku la mbao, kimefungwa katika kitambaa pamoja na hati za shamba na miwani ya marehemu. Kitu hicho ni saa ya mfukoni, ile saa ya duara yenye mkufu, ambayo wazee wetu wa pwani waliitia katika mfuko wa kizibao siku za Idi na siku za harusi. Siku hizi watu hutazama saa katika simu, na zile za zamani zimesahauliwa. Walakini katika nchi nyingi wako watu wazikusanyao kwa bidii, na miongoni mwao wako wasiotaka ila aina moja tu: saa ambazo mtambo wake wa ndani umenakshiwa kwa rangi mbili, rangi ya dhahabu na weupe wa nikeli.

Sisi tulianza kuzitazama saa hizi kwa makini kwa sababu ya kijana mmoja wa Mikindani. Alitujia asubuhi, akatuamkia, akafungua leso yake mezani.

"Wazee wangu," akasema, "saa hii ilikuwa ya babu, mzaa baba. Sonara amekwisha kuipima. Asema kasha ni fedha njema, atalinunua kwa uzito wake. Lakini mashine ya ndani ni chuma tu, haina faida, ataitupa. Nimekuja kuwauliza kama bei aliyonitajia ni ya haki."

Bei ile ilikuwa ya haki kwa fedha. Lakini tulimwomba atupe nafasi tuifungue kwanza. Nyuma ya kifuniko cha kwanza palikuwa na kifuniko cha pili, na chini ya hicho cha pili ndipo ulipokuwapo mtambo: sahani nyeupe ya nikeli iliyochorwa mistari ya dhahabu, imepinda-pinda na kufuatana kama mchanga wa Msimbati maji yakisha kupwa. Skurubu zake zilikuwa za feleji iliyotiwa moto mpaka ikawa ya buluu, na vito vyekundu vilikaa kila kimoja ndani ya pete yake ya dhahabu. Palikuwa na jina la kiwanda cha Waltham cha Marekani, na chini yake namba ndefu. Saa ilikuwa imekufa, haitembei. Kijana aliitazama kitambo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi: "Mbona waliipamba mahali ambapo mwenye saa haoni?"

Jibu lake ni hili. Zamani hizo Marekani haikuwa desturi kuuza saa nzima kama tuionavyo leo dukani. Kiwanda cha saa kilitengeneza mtambo peke yake, na viwanda vingine vilitengeneza makasha. Mnunuzi alikwenda kwa sonara wa mji wake, akachagua mtambo kwa kadiri ya uwezo wake, kisha akachagua kasha, la dhahabu au la fedha au la madini hafifu, na sonara akaviunganisha mbele yake. Basi mtambo ulionekana mtupu juu ya meza ya muuzaji, chini ya taa, karibu na mitambo ya viwanda vingine. Hata wauzaji waliosafiri mji kwa mji walipewa makasha yenye kioo nyuma ili watu waone ndani. Urembo ule haukufichwa siku ya kuuzwa, ulifichwa baadaye.

Na viwanda vilikuwa vikishindana sana. Kile cha Waltham, katika jimbo la Massachusetts, asili yake ni mwaka 1850, nacho ndicho kilichofundisha wengine kutengeneza sehemu za saa kwa mashine, sehemu baada ya sehemu zilizo sawa, badala ya fundi mmoja kuchonga kila kitu kwa mkono. Kikafuata cha Elgin mwaka 1864, kisha Illinois mwaka 1870, Rockford mwaka 1874, na baadaye Hampden, kilichohamia mji wa Canton katika Ohio mwaka 1888. Waltham peke yake kilitoa saa zaidi ya milioni 30 kabla ya kuacha kazi katika mwaka 1957. Kama kila kiwanda chaweza kutengeneza saa iendayo vizuri, mnunuzi atachaguaje? Atachagua kwa macho. Ndiyo sababu kati ya miaka ya 1880 na miaka ya 1910 kila kiwanda kilikuwa na michoro yake: huyu miduara, huyu mawimbi, huyu miale kama ya jua. Mkusanyaji mzoefu huweza kutambua kiwanda kabla ya kusoma jina.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba Massachusetts ni jina geni kwetu. Nguo ya merekani, iliyovaliwa na babu zetu kutoka Unguja mpaka ng'ambo ya Ruvuma, ilisokotwa katika jimbo hilohilo na kuletwa kwa merikebu za mji wa Salem. Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo alikuwa amekwisha kukaa Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipunguza sana ile nguo, kwa maana pamba ilikosekana. Lakini vita hivyohivyo vilikineemesha kiwanda cha Waltham, kwa kuwa kila askari alitaka saa ya bei nafuu mfukoni. Hivyo nguo ikaadimika na saa zikazidi.

Sasa tueleze rangi mbili zafanywaje. Saa za kale zaidi zilikuwa na sahani za shaba ya manjano zilizopakwa dhahabu yote. Tangu miaka ya 1870 Wamarekani walianza kutumia nikeli, yaani madini meupe yaliyochanganywa na shaba, magumu, yasiyoshika kutu upesi. Sahani hiyo ilipakwa dhahabu nyembamba mno kwa nguvu za umeme. Kisha ikatiwa katika mashine yenye gurudumu dogo linalozunguka, lililopakwa unga wa kusugulia. Kila gurudumu lilipogusa, dhahabu iliondoka na weupe wa nikeli ukatokea. Pale lisipogusa, dhahabu ilibaki. Mashine iliongozwa kwa vipimo, basi mistari ikafuatana bila kukosa. Kazi hii Wamarekani waliipa jina litokanalo na mji wa Dameski, ambako mafundi wa zamani walitia nyuzi za dhahabu katika panga za feleji. Kwa kweli hizi ni kazi mbili mbalimbali, maana fundi wa Dameski alizidisha dhahabu juu ya feleji, na yule wa Marekani aliipunguza juu ya nikeli. Lakini jina limeshika.

Jambo moja lataka kuangaliwa. Iko saa iliyokuwa ya dhahabu yote ambayo imechakaa, ikawa na mabaka meupe. Mjinga huiita ya rangi mbili. Tazama kingo za mchoro. Katika mtambo wa rangi mbili wa kweli kingo ni kali, na mchoro huvuka kutoka sahani moja hadi ya pili bila kupotea njia. Uchakavu hauna mpango.

Wala urembo mwingi si ushahidi wa kazi njema. Zamani wako watengenezaji wa Uswisi waliotoa saa za kuiga zile za Marekani: majina ya kufanana, picha ya gari la moshi juu ya uso wa saa, nakshi za rangi mbili kupita kiasi, na maandishi yaliyodai vito 23. Ukizifungua, utaona baadhi ya vito vile vimebandikwa tu juu ya sahani, wala havishiki kitu. Kito cha saa ni tundu la jiwe gumu ambamo ncha ya gurudumu huzunguka isije ikala madini. Kito kisichoshika ncha ni sawa na jino la bandia lisilotafuna. Sisi twaonelea heri saa ya vito 15 vya kweli kuliko hiyo ya vito 23 vya maneno.

Kwani kazi ya saa ni kwenda sawasawa, na hapa ndipo mtambo unapostahili heshima zaidi kuliko nakshi yake. Ndani yake mna kamani iliyokunjwa, ambayo hukazwa kila siku kwa ufunguo au kwa kifundo. Nguvu ya kamani hupita katika magurudumu mpaka ifikie gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi. Katika saa nyingi za aina hii gurudumu hilo hupiga mara 5 kila sekunde, yaani mapigo 432,000 kwa siku. Mwezi wa Aprili 1891 magari ya moshi mawili yaligongana mahali paitwapo Kipton, katika Ohio, watu kadhaa wakafa. Yasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama kwa dakika 4, kisha ikaendelea yenyewe, naye asijue. Baada ya msiba huo makampuni ya reli yalimweka Webb Ball, sonara wa Cleveland, kuzikagua saa za watumishi, na masharti makali yakafuata: saa isikose zaidi ya sekunde 30 kwa juma zima. Juma lina sekunde 604,800. Basi kosa lililoruhusiwa ni sekunde moja katika kila 20,160. Nyingi za saa nzuri za rangi mbili zatoka katika zama za masharti hayo. Reli yetu ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, ilianza kazi mwaka 1949 na kufungwa mwaka 1962, basi iliwahi mwisho tu wa zama za saa ya mfukoni.

Lakini kama msomaji ataka kujua kosa la saa laweza kuleta hasara gani, hana haja ya kwenda Ohio. Mwezi wa Machi 1866 Livingstone alifika mlangoni pa mto Ruvuma. Akakuta mikoko na matope, hawezi kuteremsha ngamia wake, akarudi kushuka katika ghuba ya Mikindani. Katika mizigo yake zilikuwamo saa za kupimia safari. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, maana yake ni robo ya digrii kwa kila dakika; mtu akijua saa ya mahali alipo na saa ya Greenwich kwa wakati mmoja, hujua yu umbali gani mashariki au magharibi. Lakini saa ikikosea dakika moja tu, katika latitudo ya Ruvuma atajiweka mahali pasipo pake kwa kilomita 27 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 1867, akiwa amekwisha kupita mbali bara, mchukuzi wa saa zile aliteleza akaanguka nazo. Hazikuvunjika, zilibadili mwendo tu, na hilo ndilo baya zaidi, maana saa iliyovunjika haimdanganyi mtu. Vipimo alivyovitwaa baadaye vilipotoka, na ramani pia.

Watu wa pwani walikuwa na njia yao ya kuzirekebisha saa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kitabu chake cha mwaka 1886, alitaja saa miongoni mwa mapambo ya vyumba vya wakubwa wa Unguja. Saa hizo hazikufuata Greenwich. Jua lilipozama, mishale ilitegwa saa kumi na mbili kamili, na hesabu ya usiku ikaanza. Desturi hiyo ndiyo asili ya saa zetu za Kiswahili. Nasi mpaka leo mshale mfupi ukiwa juu ya 7 twasema saa moja bila kusita, hata wageni hushangaa.

Tafakari basi hali ya saa ya Waltham katika mfuko wa mzee wa Mikindani. Imetengenezwa isikose nusu dakika kwa juma. Lakini machweo ya Mtwara hayakai mahali pamoja: baina ya mwezi wa Mei na mwisho wa Januari husogea kwa dakika 40 na ushei, na katika Novemba na Desemba husogea karibu nusu dakika kila siku. Mzee akisikia adhana ya magharibi huitoa saa yake, huisogeza mishale, huirudisha mfukoni. Saa haikukosa, lililohama ni jua. Kwa hiyo kule kwao saa hii ilikuwa mwalimu wa gari la moshi, na kwetu ilikuwa mwanafunzi wa mwadhini. Leo pia jua na saa havipatani kabisa hapa kusini. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45, lakini Mtwara iko karibu na digrii 40, basi kwa wastani jua hufika juu kabisa saa sita na dakika 19 za mchana. Wanafunzi waweza kulihakikisha jambo hilo kwa kijiti kilichosimikwa uwanjani na kivuli chake.

Sasa turudi kwa yule mwenye sanduku nyumbani. Ukipata saa ya namna hii, usianze na kasha. Anza na namba ya mtambo. Namba ya kasha ni ya mtengenezaji wa kasha, haina habari. Madaftari ya Waltham yamehifadhiwa, na siku hizi mtu mwenye simu huweza kuitafuta namba katika intaneti na kupata mwaka, idadi ya vito na daraja la saa yake. Kasha nalo lina maneno yake. Saa nyingi za Waltham zilizouzwa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilitiwa makasha ya Birmingham, mengine ya kiwanda cha Dennison, mtu aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Waltham kabla ya kuhamia Uingereza. Ndani ya kifuniko tafuta alama ndogo ya nanga, ndiyo ya Birmingham, na alama ya simba atembeaye, ambayo maana yake ni fedha ya sehemu 925 katika 1,000. Mahali pasipo na bahari pamechagua nanga. Twakumbuka hili kwa sababu watu wa Mikindani wakiiona hudhani saa ni ya merikebu.

Kufungua kwataka subira. Makasha mengine yana bawaba na mdomo mdogo wa kuingiza ukucha. Mengine hufunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Jaribu kuzungusha kwanza kabla ya kutia kisu, kwa kuwa kisu kimeharibu saa nyingi kuliko kutu. Na saa yenye kifuniko juu ya kioo usiifunge kwa kuibamiza, ingawa mlio wake wapendeza: bonyeza kifundo, funga taratibu, kisha achilia, ulimi wake usilike.

Adui mkubwa huku kwetu ni hewa ya chumvi. Nikeli huvumilia, lakini kamani na skurubu ni feleji, nazo hupata kutu hata ndani ya kabati. Iweke saa mahali pakavu, juu kidogo, mbali na ukuta wa matumbawe, ndani ya kopo lifungwalo vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Usiitie mafuta ya nazi wala ya cherehani. Huganda, huvuta vumbi, na vumbi hula ncha za magurudumu. Na saa iliyolala miaka mingi usiikaze ikatembea kwa siku nyingi kabla fundi hajaisafisha, maana hutembea juu ya uchafu wake.

Lakini tutasema zaidi juu ya kusugua, kwa sababu kosa hilo tumelifanya wenyewe. Saa yetu ya kwanza ya rangi mbili tuliipata imefifia, imeshika weusi. Tukawaza: mama zetu husafisha sinia za shaba kwa majivu na ndimu, zikang'aa kama mpya, kwa nini isiwe hii? Tukachukua majivu yaliyochekechwa na ndimu nusu, tukasugua. Weusi ulitoka. Katika muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa na dhahabu ikatoka pia, nusu nzima ya sahani, ikabaki nyeupe tupu kama sufuria. Dhahabu ile ni nyembamba mno, na iliyokwisha kuondoka hairudi; mashine zilizochora michoro hiyo nyingi zimekwisha kutawanyika. Zile za Hampden ziliuzwa kwa Warusi mwaka 1930, zikaanzishia kiwanda cha saa cha Moscow, na michoro ya zamani haikuhitajiwa tena. Saa yetu ingali inatembea. Tunaiweka ili tuwaonyeshe watu upande ule uliosalia, na upande ule mwingine.

Kijana wa Mikindani alirudi baada ya juma moja. Tulikuwa tumeitafuta namba: saa yake ilitengenezwa katika mwaka 1889. Nyumbani kwao ilisimuliwa kwamba babu alipewa saa hiyo na Mzungu wa kwanza kupita ghubani, jambo ambalo kwa hesabu za miaka haliwezekani, kwa kuwa Livingstone alikwisha kufa mwaka 1873. Kijana alicheka, akasema hatamwambia shangazi yake. Tukamshauri aandike katika karatasi jina la babu, namba ya mtambo, na yote asemayo shangazi, yaliyo kweli na yasiyo kweli, akaiweke karatasi pamoja na saa. Fundi alikuta kamani imekatika tu na mafuta yameganda. Ada yake haikuwa ndogo. Mkufu ulikuwa wa fedha nzito, hauna alama wala jina, na hata haukuwa wa zamani kama saa. Huo kijana aliuza kwa yule yule sonara, kwa uzito, na fedha aliyoipata ikatosha kumlipa fundi.